Somo: Kuanzisha uanagenzi wa usalama kazini, kutoka karatasi za NITA hadi kufuli kwenye swichi

Sehemu nyingi za kazi Nakuru na Kisumu humpokea kijana wa usalama, humkabidhi kofia ngumu na daftari la getini, na mwaka ukiisha anajua idadi ya wageni walioingia lakini hajawahi kuona kava ya mkanda wa mashine ikifunguliwa. Somo hili limepimwa kwa mahali penye wafanyakazi 40 hadi 150: kinu cha unga, kiwanda cha maziwa, karakana ya mabasi, ghala la nafaka. Wenye watu wachache zaidi waangalie swali la kwanza kule chini.

Kwanza tusichanganye watu wawili. Mwanafunzi wa atachimenti hutumwa na chuo, kwa kawaida kwa miezi 3, na chuo ndicho kinachomtahini. Mwanagenzi ana mkataba wa maandishi na mwajiri, na mkataba huo husajiliwa NITA, yaani Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwandani. Hapa tunamzungumzia huyu wa pili.

Hatua ya 1: Kagua kama una cha kufundisha

Weka mezani vitu hivi: cheti cha usajili wa mahali pa kazi kutoka DOSHS (idara ya serikali ya usalama na afya kazini), sera ya usalama iliyotiwa sahihi, tathmini ya hatari, rejista ya jumla, ripoti ya ukaguzi wa mwaka, na kumbukumbu za mikutano ya kamati. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inadai ukaguzi wa usalama angalau mara moja kila miezi 12, na inadai kamati popote penye wafanyakazi 20 au zaidi. Kanuni za kamati za 2004 zimeweka hesabu: wafanyakazi 20 hadi 100, wajumbe 3 wa uongozi na 3 wa wafanyakazi, kutoka hapo hadi 1,000, watano kwa watano, zaidi ya 1,000, saba kwa saba. Kamati ikutane angalau mara moja kila miezi mitatu.

Kama karatasi mbili au tatu hazipo, usimlete mwanagenzi ukitumaini atazitengeneza. Atajifunza kuandika kumbukumbu za mikutano ambayo haikufanyika, na akishazoea hilo, kumwondolea ni kazi kubwa kuliko kumfundisha upya.

Hatua ya 2: Tafuta mlezi

Mlezi asiwe meneja wa rasilimali watu. Awe mtu anayeshinda sakafuni, anayejua sauti ya mashine ikiwa mbovu, na mwenye mamlaka ya kusimamisha kazi bila kupiga simu juu. Mlezi mmoja, wanagenzi wawili; watatu ni wengi. Mwandikie kwenye ratiba saa 4 kila wiki za kumfundisha, na umpunguzie kazi nyingine kwa saa hizo hizo. Saa zisizoandikwa huliwa na oda ya kwanza ya haraka.

Pembeni awepo fundi wa stima au wa mitambo kama mlezi wa pili. Mambo ya kufunga nishati, yaani kukata stima ya mashine na kuitia kufuli ili isiwake mtu akiwa ndani, ambayo ndiyo roho ya somo hili, hayafundishiki na mtu ambaye hajawahi kufungua paneli.

Hatua ya 3: Karatasi

Chukua fomu za mkataba NITA. Wa magharibi wana kituo chao Kisumu. Mkataba utaje fani, muda, malipo ya kila mwezi, jina la mlezi, saa za darasani kama yupo chuoni, na nani ananunua vifaa vya kujikinga. Jibu la hilo la mwisho ni mwajiri, bila kumkata mwanagenzi hata shilingi.

Umri: chukua aliyetimiza miaka 18. Sheria ya Ajira humhesabu aliye chini ya hapo kuwa mtoto, na kazi ya usalama humpeleka mtu palepale penye hatari.

Bima: Sheria ya Fidia ya Majeraha ya Kazini ya 2007, ile tunayoiita WIBA, imemtaja mwanagenzi waziwazi ndani ya maana ya mfanyakazi. Kwa hiyo jina lake liingie kwenye orodha ya bima kabla ya siku ya kwanza. Kosa la kawaida ni kumwongeza wakati wa kuhuisha bima mwakani.

Ada ya mafunzo ya viwandani ni shilingi 50 kwa kila mfanyakazi kwa mwezi. Anayeilipa anaweza kudai kurudishiwa sehemu ya gharama za mafunzo, ila aombe idhini ya NITA kabla mafunzo hayajaanza.

Hatua ya 4: Mpango wa miezi 12

Wiki mbili za mwanzo asifanye kazi yoyote ya ofisi. Mpe karatasi kubwa nyeupe na kalamu ya risasi, achore mahali pote kwa mkono: milango ya kutokea, mitungi ya kuzimia moto, swichi kuu, vali za maji na gesi, dawa zinapowekwa, njia za foklifti na za miguu. Usimpe ramani iliyopo. Akimaliza, zilinganishe. Mahali ambapo mchoro wake unatofautiana na ramani ya ukutani, mara nyingi yeye ndiye yuko sahihi, na hapo umepata kazi ya kamati.

Miezi ya 1 na 2 ni moto, huduma ya kwanza na usafi wa sakafu. Wa 3 hadi wa 5 ni mashine na kufunga nishati. Wa 6 na wa 7: kelele, vumbi, kemikali. Wa 8 na wa 9: kazi za juu, sehemu finyu, vibali vya kazi. Wa 10, uchunguzi wa ajali na matukio ya nusura, yale yaliyokaribia kuwa ajali. Miwili ya mwisho aongoze ukaguzi mdogo wa idara moja, mlezi akimfuata nyuma kimya.

Miezi ya 3 hadi 5 ndiyo ya kukazia, hivyo tuisogelee. Chukua kinu cha nyundo cha kusaga mahindi. Chujio limeziba na opareta anataka kulifungua. Mwanagenzi asimame kando aone haya yakifanyika kwa mfuatano:

1. Opareta awaambie walio karibu kwamba kinu kinasimamishwa.
2. Azime kwa kitufe. Kitufe hiki hukata waya wa amri wa kontakta tu, ile swichi ya sumaku inayowasha mota. Stima bado iko kwenye paneli.
3. Azime swichi ya kutenga ya kinu hicho, ile yenye mpini.
4. Atie kufuli lake kwenye mpini na lebo yenye jina, saa na sababu. Kufuli moja, ufunguo mmoja, mtu mmoja. Wakifanya kazi watu watatu, kufuli ni tatu.
5. Asubiri rota, sehemu yenye nyundo inayozunguka, isimame. Rota ni nzito, na huendelea kuzunguka kwa muda baada ya mota kunyamaza. Masikio yanasema imekwisha, mkono unaingia. Vidole vingi hupotea kwenye dakika hizo.
6. Afunge lango la hopa juu, maana mahindi yaliyobaki yatashuka chujio likifunguliwa.
7. Fundi wa stima apime: kipimo kwanza kwenye chanzo kilicho hai, kisha kwenye waya za mota, kisha tena kwenye kilicho hai. Kipimo chenye betri iliyokufa nacho husema hakuna stima.
8. Abonyeze kitufe cha kuwasha. Kinu kikikaa kimya, arudishe kitufe kwenye hali ya kuzima ndipo boliti ya kwanza ifunguliwe.

Hapa huharibika kwa njia nne. Mashine ina paneli mbili na imefungwa moja. Mota ilibadilishwa na lebo ya swichi haikubadilishwa, kwa hiyo kimefungwa kinu namba 2 huku namba 3 kiko hai. Ufunguo wa akiba unaning'inia ofisini kwa supavaiza. Au mtu anaruka hatua ya 8 kwa sababu hatua ya 3 ameiona kwa macho yake. Mwanagenzi aifuate kazi hii mara kumi kwa mashine tofauti kabla ya kupewa kufuli lake mwenyewe, na hata akipewa, aongozane na fundi.

Mambo mafupi ya miezi hiyo hiyo: kwenye grenda ya mezani, pengo kati ya kiegemeo na jiwe lisizidi milimita 3, la sivyo kipande cha chuma hutafunwa na jiwe hupasuka, kasi iliyoandikwa kwenye jiwe isiwe chini ya kasi ya mota. Ngazi ya kuegemeza: kwa kila mita 4 za kwenda juu, mguu utoke ukutani mita 1.

Hatua ya 5: Daftari la kazi

Ukurasa mmoja kwa kila kazi: tarehe, mahali hasa, alichokiona, kipimo kama kipo, alichopendekeza, alimwambia nani, kilirekebishwa lini. Mlezi atie sahihi kila Ijumaa, si mwisho wa mwezi.

Daftari lililojazwa kwenye kiti lina dalili zake. Mpe mwanagenzi orodha ya mitungi 14 ya kuzimia moto yenye safu ya "mshale wa presha." Mitungi ya poda na ya maji ina geji, mshale ukae kwenye kijani. Mtungi wa kaboni dayoksaidi, ule wenye pembe pana nyeusi mdomoni unaokaa karibu na paneli za stima, hauna geji. Hukaguliwa kwa kupimwa uzito. Akikuletea karatasi yenye alama 14 za kijani, hakufika. Usimgombeze mbele za watu. Mpeleke mbele ya mtungi huo na umwombe akuonyeshe mshale.

Hatua ya 6: Vipimo

Kelele: Kanuni za 2005 zimeweka kikomo cha desibeli 90 kwa saa 8 ndani ya saa 24, na zikizidi 85 mwajiri awe na mpango wa kuzipunguza na kulinda masikio. Kabla ya kukodi kipimo, mwanagenzi atumie sikio: asimame mita moja na mwenzake, wakilazimika kupaza sauti ili wasikizane, pengine wamefika 85. Aweke alama kwenye ule mchoro wake wa wiki mbili. Kipimo kikija, apime pale tu, kwa urefu wa sikio la mfanyakazi, mashine ikiwa na mzigo. Kinu kinachozunguka bila mahindi hutoa namba nzuri isiyo na maana.

Vipimo vyake ni vya kujifunzia na vya ndani. Vya kuwasilisha serikalini hufanywa na walioidhinishwa na DOSHS. Mwambie mapema, asije akatia sahihi karatasi isiyo yake.

Hatua ya 7: Asikike

Aketi kwenye kamati kama msikilizaji na kila mkutano alete jambo moja, moja tu, lenye picha na kipimo. Kamati imjibu kwa maandishi: tumekubali, atafanya fulani, tarehe fulani, au tumekataa kwa sababu hii. Hatua hii ndiyo inayorukwa zaidi na ndiyo inayoua programu. Kijana aliyeandika "kava ya mkanda haipo" wiki sita mfululizo bila jibu, wiki ya saba ataandika "sawa."

Kutahini kuwe kwa vitendo: afunge nishati ya mashine asiyoizoea, achunguze tukio moja la nusura hadi chanzo, aongoze zoezi la kutoka nje moto ukitokea na alipime kwa saa.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali (Nakuru, karakana ya magari): Mwalimu, habari. Sisi tuko 11 tu. Je, tunaweza kuchukua mwanagenzi au tusubiri tufike 20?

Jibu: Hiyo 20 ni ya kamati. Wajibu mwingine wa mwajiri unakuhusu hata ukiwa na watu watatu. Shida yenu ni kwamba mambo ya kujifunza yatakwisha kwa miezi minne. Tafuteni karakana mbili jirani zenye kazi tofauti, mfano ya kupiga rangi na ya kuchomelea, mmoja wenu awe mwajiri kwenye mkataba, na wengine wampokee kwa makubaliano ya maandishi. Bima itaje sehemu zote tatu. Isipotaja, akiungulia kwa jirani mtaanza kusukumana.

Swali (Naivasha, shamba la maua): Supavaiza anataka mwanagenzi aanze na kuchanganya dawa ili "aijue kazi." Ni sawa?

Jibu: Hapana. Kuchanganya ndiko kubaya kuliko kunyunyiza, kwa sababu dawa haijazimuliwa. Miezi sita ya kwanza asome lebo na kusimamia muda wa kurudi shambani: lebo husema saa ngapi baada ya kunyunyiza watu waruhusiwe kuingia, na kibao cha mlangoni kiandikwe saa ya kumaliza, siyo saa ya kuanza. Kama mnatumia dawa za kundi la oganofosfeti au kabameti, apimwe damu kiwango cha kolinesterasi, kimeng'enya cha neva ambacho dawa hizo hukiathiri, kabla hajazikaribia. Bila kipimo cha mwanzo, cha baadaye hakina cha kulinganishwa nacho. Barakoa ya vumbi haizuii mvuke. Inatakiwa ile yenye vichujio vya mvuke na chembechembe, vya Ulaya huandikwa A2P3, na ndevu hufanya isishike uso. Ovaroli zifuliwe shambani, zisiende nyumbani kwa watoto.

Swali (Kakamega): Tuna tangi la molasi la kusafishwa. Kipimo chetu cha gesi nne kimesoma oksijeni asilimia 20.1. Mwanagenzi ameomba aingie ajifunze. Kikomo si 19.5?

Jibu: Asiingie, na hata wewe usiingie bado. Molasi ikichacha hutoa kaboni dayoksaidi, nayo ni nzito kuliko hewa, hukaa chini. Kipimo cha gesi nne husoma oksijeni, gesi za kulipuka, kaboni monoksaidi na haidrojeni salfaidi; kaboni dayoksaidi hakiioni. Fanya hesabu: hewa ya kawaida ina oksijeni 20.9. Kaboni dayoksaidi ikijaa asilimia 4, oksijeni hushuka hadi 20.1 tu, na kipimo kitakuambia karibu ndani. Asilimia 4 ni hatari kwa uhai. Namba yako hiyo ni onyo. Tafuta kipimo chenye kihisi cha kaboni dayoksaidi, upime juu, katikati na chini, upige hewa kwa feni, upime tena. Kazi ya mwanagenzi ni kumwona mlinzi wa nje: ana orodha ya walio ndani, ana kamba, na haondoki kwa sababu yoyote. Na ajue tangu sasa kwamba mtu akianguka ndani, mlinzi haingii. Wanaofuata kuokoa bila vifaa ndio huongeza maiti.

Swali (Bungoma): Mwanagenzi alikatwa kidole kwenye msumeno. Mwajiri anasema huyo ni mwanafunzi, hakuna fidia.

Jibu: Pole kwake. Kama tulivyosema hatua ya 3, WIBA inamtaja mwanagenzi. Mwajiri anatakiwa kupeleka taarifa ya maandishi DOSHS ndani ya siku 7. Kifo hutaarifiwa ndani ya saa 24. Asipopeleka, aliyeumia aende mwenyewe ofisi ya DOSHS ya kaunti na mkataba, karatasi za hospitali na majina ya mashahidi. Na kuna swali la kando ambalo litaulizwa: nani alikuwa akimsimamia? Sheria ya 2007 hairuhusu asiye na ujuzi kuendesha mashine hatari bila mafunzo ya kutosha au usimamizi wa anayeijua.

Nyongeza ya mwanachama (fundi wa stima, Kisumu): Mwalimu, kwenye hatua ya 7 ya kufunga ungeongeza kapasita. Paneli zenye kapasita za kurekebisha nguvu hubaki na chaji hata swichi ikizimwa. Sisi husubiri dakika zilizoandikwa kwenye kava, kisha tunapima hata hivyo.

Jibu: Asante, fundi. Na vile vibadilisha kasi vya mota vivyo hivyo.

Swali (Eldoret): Akimaliza mwaka anaweza kutufanyia ukaguzi wa kila mwaka tuokoe pesa?

Jibu: Hawezi. Ukaguzi huo ni wa mshauri aliyesajiliwa DOSHS. Anachoweza ni kuwaandalia ili mshauri asipoteze siku mbili akitafuta karatasi.

Swali (Kisumu): Mwanagenzi wetu ni msichana, gambuti ndogo tuliyo nayo ni namba 41 na yeye anavaa 37. Amejaza soksi mbili. Inatosha?

Jibu: Haitoshi. Gambuti kubwa hukwama kwenye ngazi, na chuma cha mbele hakikai juu ya vidole vyake. Agizeni 37, na mkiwa dukani angalieni glavu pia, kwani zilizozidi mkono ndizo zinazovutwa na drili. Kwa drili yenyewe, avue glavu kabisa.